Swali Ambalo Salvina Hakulimaliza

Siku Blessing alipopandishwa Kibosho, mlimani, kitoto chake cha kike kikiwa kimeviringishwa katika blanketi la manjano, Salvina alikuwa amekwisha kuomba likizo ofisini, amenunua mikungu ya ndizi mshare za kupika, na amekosa usingizi. Blessing ni mke wa Wilbert, mwanawe wa kwanza. Kwa desturi ya ukoo wao, mke akijifungua hupelekwa kwa mama wa mume. Huko hukaa ndani kwenye joto, akalishwa mtori, ule uji mzito wa ndizi mbichi, na maziwa na nyama iliyochemshwa hadi ikalegea, asiguse jembe wala ndoo, mpaka miezi mitatu itimie ndipo atoke. Heshima ya nyumba hupimwa siku hiyo ya kutoka. Mzazi akitoka na mashavu, majirani husema nyumba ile ina watu. Akitoka amekonda, hawasemi neno, na kimya hicho huumiza kuliko maneno.

Salvina alikuwa na shahada ya sosholojia, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya maendeleo ya jamii mjini Moshi. Alikuwa ameandika taarifa nyingi kuhusu afya ya mama na mtoto, nyingine zikasifiwa. Lakini alipozaliwa Wilbert, naye akiwa amelazwa katika chumba hichohicho alimo Blessing sasa, alisoma vitabu huku akilishwa, wala hakuwahi kuinua kichwa kuangalia chungu kinavyoshughulikiwa. Sasa zamu ilikuwa yake, na aliona kwamba desturi hizi amezisoma kuliko alivyozifanya. Mama mkwe wake, Bibi Mektrida, aliyekuwa bado na nguvu za kukemea ingawa macho yalikuwa yamefifia, alikaa jikoni kwenye kigoda na kumsahihisha.

"Salvina, unakoroga mtori kama unapiga muhuri."

"Mama, nakoroga."

"Unagonga. Mtori haugongwi."

Kilichomkosesha usingizi, hata hivyo, hakikuwa chungu. Ilikuwa sauti ya Eliza, mama yake Blessing. Eliza na mumewe walitoka Singida zamani kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa kule tambarare, chini ya mji, na Blessing alikuwa binti yao wa pekee. Siku ya kumkabidhi, Eliza alimshika Salvina mikono yote miwili. "Mzazi mwenzangu," alisema, "kwetu sisi mtoto akijifungua hurudi kwa mama yake. Lakini ameolewa kwenu, nami nimekubali ya kwenu. Ninachokuomba ni kimoja. Unirudishie mzima." Kisha akapanda basi kwenda Singida kumuuguza mama yake mzee, naye Salvina akabaki na yale maneno kama mtu aliyebebeshwa yai kwenye njia ya mawe.

Kitoto kilipewa jina la bibi yake mzaa baba, kama ilivyo kawaida, kwa hiyo kikaitwa Salvina. Blessing, ambaye ulimi wake haukulala hata alipokuwa kitandani, akaanza kujitapa. "Mama, kuanzia leo mimi ndiye mama yako. Niamkie."

"Shikamoo, mama," Salvina alijibu, akampa bakuli.

"Marahaba, mwanangu. Lakini hili bakuli ni la mtu mmoja kweli, au kuna kikosi kinakuja?"

Ni Blessing aliyemwekea akili mnemba katika simu. Alichoka kumwona mama mkwe akisugua paji la uso mbele ya jiko. "Mama, uliza humu. Unaandika swali kama unavyomwandikia mtu, linajibiwa."

"Nani anajibu?" Bibi Mektrida aliuliza kutoka kigodani.

"Mashine, bibi."

"Ya ukoo gani?"

"Haina ukoo, bibi."

"Basi haina wa kuikanya."

Salvina alianza kwa mambo madogo. Bibi alikuwa na dawa ya macho iliyokuja na karatasi ya Kiingereza cha kidaktari, maandishi yake madogo kama siafu. Aliipiga picha, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba matone yale hayapaswi kutumika chupa ikishakaa muda mrefu tangu ifunguliwe. Ile chupa ya Bibi ilikuwa imepitisha muda huo siku nyingi. Walinunua nyingine, na macho yakaacha kuwasha. Alishukuru. Kesho yake akaiuliza namna ya kupika mtori, na ikamwelekeza, kwa sentensi zilizonyooka na bila kusita, aponde ndizi mbivu.

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtori wa ndizi mbivu! Huyo mjuzi wako anataka kumpikia mzazi pombe ya mbege!"

Tangu hapo Salvina aliiweka katika kundi la watu aliowazoea ofisini: wanaojibu haraka, kwa Kiswahili safi, na kwa sauti ileile wanapojua na wasipojua. Si watu wa kudharau. Ni watu wa kuulizwa mara mbili.

Blessing alinawiri. Mashavu yalijaa, vidole vikanenepa, na siku moja pete ya ndoa ikagoma kuvuka kiungo cha kidole. Bibi Mektrida aliushika mkono ule akaupapasa kwa fahari, kwa kuwa macho hayakumtosha. "Pete imekwama," akatangaza. "Hata wiki mbili hazijatimia! Salvina, leo nakiri. Umejua kulisha." Salvina alikuwa hajawahi kusifiwa na mkwewe tangu aolewe. Alitoka nje akasimama kati ya migomba na mibuni ya kihamba, shamba la nyumbani, akajiruhusu kutabasamu peke yake.

Siku ya pili yake Blessing aliamka akiumwa kichwa. Hakutania. Alisema kimebana kama kimefungwa kamba, akageukia ukutani. Kufikia adhuhuri ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la jikoni, na kichwa kilikuwa palepale. Salvina alikaa kwenye kizingiti cha jiko, simu mapajani.

Hapa ndipo alipofanya kosa ambalo baadaye alilirudia moyoni mara nyingi. Bibi Mektrida alikuwa na sharti lisilovunjwa: mtu asiyejulikana haambiwi kwamba ndani mna mzazi. Jicho la mgeni na ulimi wa mgeni havipelekwi katika chumba kile. Hata kijana wa bodaboda aliyeleta maziwa aliambiwa kwamba nyumba ina wageni wanaopenda chai. Salvina, ambaye chuoni aliandika kurasa juu ya imani za namna hiyo kana kwamba ni za watu wengine, alijikuta kidole kimesita juu ya kioo. Hii mashine aliijua ya nani? Aliandika: "Nina mgeni, mwanamke kijana. Anaumwa kichwa sana tangu asubuhi. Nimsaidie nini?"

Jibu lilikuja kwa upole. Anywe maji, apumzike mahali penye giza, anaweza kumeza dawa ya kutuliza maumivu. Hali ikizidi amwone daktari. Kisha likaja swali: je, mgeni huyo ni mjamzito, au ana ugonjwa wowote unaojulikana?

"Si mjamzito," Salvina aliandika. Na ilikuwa kweli tupu.

"Vizuri," mashine ikasema, ikaendelea na habari za maji.

Alifunga pazia, akampa Blessing maji na vidonge viwili vya panadoli, akamchukua mtoto ili mama yake alale. Aliporudi na bakuli la mtori, Blessing alikuwa ameketi kitako, amekodoa macho kuelekea kona iliyokuwa tupu.

"Mama, nani amewasha taa pale?"

"Hakuna taa, mwanangu."

"Zipo. Ndogondogo. Kama vimulimuli."

Kutoka jikoni Bibi aliita, "Ni njaa hiyo! Mwongezee!" Kwa kitambo kifupi, ambacho kwake kilikuwa kirefu, Salvina alisimama katikati ya vitu viwili asivyojiamini navyo. Angelisha, kama alivyoagizwa na mtu aliyelea wazazi wa ukoo mzima? Au angesikiliza hofu yake, hofu ya msomi anayeogopa kila kitu kwa sababu amesoma kila kitu nusu? Akaweka bakuli chini. Akarudi kizingitini na kuchukua simu, na kuandika maneno yale kulimwia vigumu kama kumfungulia mpita njia mlango wa chumba cha ndani.

"Nilikuficha jambo. Si mgeni. Ni mke wa mwanangu. Amejifungua, hata wiki mbili hazijaisha. Kichwa hakijapoa, na sasa anaona vimulimuli."

Jibu halikuwa na upole wa mwanzo. "Asante kwa kunieleza. Hili linabadilisha yote niliyosema. Presha ya hatari inayohusiana na ujauzito inaweza kumpata mwanamke hata baada ya kujifungua, ndani ya wiki sita za mwanzo. Maumivu makali ya kichwa na kuona vimulimuli ni dalili za kuwahi hospitali sasa hivi, kabla hajapata degedege. Usisubiri kesho. Wakati mnajiandaa kuondoka, tazama: je, uso au mikono imevimba?"

Imevimba. Salvina alilitazama neno hilo. Katika nyumba ile hapakuwa na uvimbe. Palikuwa na kunawiri. Mashine haikuweza kumwona Blessing, na yeye aliyemwona kila siku alikuwa ameona sifa zake mwenyewe. Aliingia, akapiga magoti, akabonyeza muundi wa Blessing kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki. Akautazama mkono, nyama ilikuwa imepanda pande zote mbili za pete, na kidole kilikuwa kimeanza kuwa cheusi cheusi.

"Mama," alimwambia Bibi Mektrida, na akashangaa kwamba sauti yake haikuomba, "namtoa nje. Tunakwenda hospitali."

"Kumtoa! Na siku zake? Na ukungu huu?"

"Huku si kunenepa, mama. Ni maji. Bonyeza mwenyewe."

Bibi aliongozwa hadi kitandani. Vidole vyake, vilivyozoea kusoma kile ambacho macho hayakukiona, viligusa mguu, vikabonyeza, vikangoja. "Ruwa wangu," akasema mwishowe, akimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani, "na mimi nilisifu." Halafu akageuka mkali kama kawaida yake. "Unasimama nini sasa? Mfunike kichwa! Mtoto naye aende na titi lake, asiniachie mimi nisiye na maziwa!"

Jirani yao Gerson alikuwa na pikapu ya kubebea ndizi za soko. Alifika injini ikikohoa, akashusha mikungu iliyobaki kando ya njia bila kuulizwa. Salvina alikuwa ameuliza simu kituo cha afya kilicho karibu, nayo ilimtajia kimoja kwa jina na mahali, njia panda fulani huko chini.

"Mama Wili," Gerson alisema akikaza mkanda, "hicho kituo labda kimejengwa chini ya ardhi. Njia hiyo naipita kila siku ya soko, hapo pana mti wa mparachichi na mbwa wa Remigius tu. Twende mjini moja kwa moja."

Njia ya Kibosho wakati wa mvua haina huruma na mtu mzima, sembuse mgonjwa. Salvina alikaa amemkumbatia Blessing, mtoto kifuani pake, na kila gurudumu lilipotumbukia shimoni alihisi mwili wa Blessing ukikaza. Alitazama simu mara moja. Mtandao ulikuwa umekatika kwenye korongo. Hakukuwa na kitu cha kuuliza tena. Kulikuwa na mikono ya Gerson kwenye usukani, na pumzi ya Blessing, aliyokuwa akiisikiliza kama mtu asikilizaye mlango wakati wa hatari.

"Mama," Blessing alinong'ona, "kama wewe ni mwanangu, mbona unalia mbele ya mama yako?"

"Nyamaza, mama. Tunafika."

Hospitalini walipokelewa na muuguzi aitwaye Sophia, mwanamke wa mjini, mwenye ushungi mweupe na mikono isiyopapatika. Alifunga kipimo cha presha, akakitazama, akakifunga tena upande wa pili, kisha akaita watu. Kukawa na sindano, dripu, na maneno mafupi mafupi. Katikati ya hayo yote Sophia alichukua uzi, akauviringisha kwenye kidole cha Blessing tangu kwenye kiungo hadi kwenye pete, akapitisha ncha chini yake, na kwa kuufungua polepole kutoka upande wa pili akaitoa pete bila kuikata. Alimpa Salvina. Salvina akaifunga kwenye ncha ya kitenge.

Jioni, hali ilipotulia, Sophia alikuja kukaa naye kwenye benchi.

"Mmewahi, mama. Wengi huletwa wakiwa wameshaanza degedege. Nani aliwaambia mje?"

Salvina aliona haya. "Simu."

"Simu ya nani? Ya daktari?"

"Simu yenyewe. Hii akili mnemba."

Sophia alicheka kidogo, bila dharau. "Kumbe! Kuna wengine huwa imewaambia wanywe maji walale."

"Hata mimi iliniambia hivyo kwanza."

"Ikabadilika?"

"Mimi ndiye niliyebadilika. Sikuwa nimeiambia kwamba ni mzazi."

Sophia alimtazama, akaelewa zaidi ya alichoambiwa. "Hata sisi wanatuficha, mama. Unamuuliza mtu, anakujibu kile ulichouliza, basi. Na huwa hatuulizi yote."

Ndipo Salvina alipotoa lile lililokuwa limemkaba tangu kwenye pikapu. "Dada Sophia, ni chakula changu? Nilimlisha sana. Chumvi, siagi, sijui..."

"Hapana. Hii huja yenyewe, na haichagui mlo wa mtu. Akirudi nyumbani ale, tena ale vizuri. Ila presha ipimwe, dawa asiruke."

Salvina aliegemeza kichwa ukutani. Alikuwa amekaa maisha yake yote akingoja mtu amwambie kwamba kosa si lake, na alipoambiwa hakujua la kufanya nalo. Alimpigia Wilbert, ambaye tayari alikuwa njiani. Kisha, kabla ujasiri haujamtoka, akampigia Eliza kule Singida. Alimweleza yote, pamoja na lile neno "mgeni".

"Anaongea?" Eliza aliuliza.

"Anaongea. Ameuliza kama hospitali wana mtori wa mtu mmoja."

Eliza alitoa sauti ambayo ilikuwa kicheko na kilio kwa pamoja. "Basi ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Mungu akubariki, mzazi mwenzangu."

Waliporudi Kibosho, chumba kilikuwa kilekile lakini sharti la Bibi Mektrida lilikuwa limepungua ukali. Mhudumu wa zahanati aliruhusiwa kuingia kupima presha, na Bibi alimkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe. Salvina aliendelea kuiuliza mashine: jina la kidonge hiki maana yake nini, kinaruhusiwa kwa anayenyonyesha, kizunguzungu kidogo asubuhi ni cha kawaida? Sasa aliandika habari nzima, bila haya, na jibu lilipokuja alimpigia Sophia kulithibitisha. Mara nyingi yalilingana. Siku moja hayakulingana, naye akafuata la Sophia, kwa kuwa Sophia alimjua Blessing kwa mkono.

Siku dawa zilipomalizika na presha ikakaa mahali pake, Salvina alikaa kwenye kizingiti kilekile, akaandika neno moja: "Asante." Jibu likaja mara moja.

"Imesemaje?" Bibi Mektrida aliuliza.

"Imesema inafurahi kusikia kwamba mama na mtoto wanaendelea vizuri."

"Inafurahi kwa tumbo gani?"

"Sijui, mama."

Bibi alitafakari, akikung'uta unga kwenye kanga. "Hata hivyo isalimie. Iambie mtori ni wa ndizi mbichi. Na mtu akikwambia ana mgeni anaumwa, muulize mgeni wa aina gani."

Salvina aliandika yote mawili, neno kwa neno. Hakuwa na hakika kwamba yangemfaa mtu yeyote mwingine, wala kama yangekumbukwa mara akishafunga simu. Lakini shukrani haikumtoka akilini, na alitaka iende mahali fulani.

Eliza alifika siku ya kutoka. Alipanda kutoka mjini na kapu la karanga za Singida, akamwamkia Bibi Mektrida kwa magoti, akamkumbatia Salvina bila kusema kitu. Blessing alitoka mlangoni amevaa kitenge kipya, mtoto mgongoni, akikunja uso kwa jua aliloliona kwa nadra. Majirani walikuwa wamesimama kando ya mibuni. Gerson alipiga honi ya pikapu.

Eliza alimshika binti yake mabega, akamgeuza huku na huku, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, maana watu wa kwao hawajui kunong'ona:

"Mwanangu, mbona umekonda?"

Majirani wakanyamaza. Bibi Mektrida akashika kichwa. Katika kihamba kile hapakuwahi kusemwa neno zito kuliko hilo siku ya kutoka, na watu walimgeukia Salvina kuona atajificha wapi.

Salvina alifungua ncha ya kitenge chake akatoa pete. Akauchukua mkono wa Blessing, akaivisha. Iliteleza juu ya kiungo bila kugusa, ikafika mahali pake, na Blessing alipotikisa vidole ikazunguka, nyepesi, kama pete ya kuazima.

"Nimekurudishia mzima, mzazi mwenzangu," Salvina alisema, akicheka na machozi yakimtoka. "Amekonda kabisa. Tazama pete inavyocheza."